Mvua ya Aprili Isihamishwe na Kompyuta

Wapo wasemao kwamba kupanga sura ya tarakimu na tarehe katika lahajedwali ni urembo tu, kazi ya karani isiyomhusu mwanasayansi. Maoni hayo hayafai kuachwa yaenee mashuleni, kwani kosa dogo la tarehe laweza kuharibu kipimo kilichopatikana kwa jasho.

Na ichukuliwe kwa mfano shule ya sekondari iliyoko Kihonda, Morogoro, ambayo wanafunzi wake hupima mvua kila siku saa 3 asubuhi. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto na milima ya Uluguru imefunikwa na mawingu, daftari lao huandikwa 01/04/2024, 02/04/2024, hata kufikia 30/04/2024. Tarehe hizo zikiingizwa katika kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, Aprili yote husambaratika. Tarehe 2 huwa 4 Februari. Tarehe 7 huwa 4 Julai, katikati ya kiangazi. Kuanzia tarehe 13 kompyuta haioni mwezi wa namba hiyo, hivyo siku 18 hubaki kuwa maandishi matupu. Katika siku 30, ni tarehe 4 peke yake isalimikayo. Atakayeitumia hesabu hiyo kukadiria maji yaingiayo katika Bwawa la Mindu atapotoka bila kujua.

Kiini cha jambo ni kwamba seli huhifadhi thamani, na umbizo huionyesha tu. Tarehe 3 Aprili 2024 huhifadhiwa kama 45385, ambayo ni hesabu ya siku ianzayo 1 Januari 1900. 4 Machi 2024 ni 45355. Thamani ni mwili, umbizo ni vazi. Hali kadhalika, mvua ya milimita 0.4 kwa siku tatu, ikionyeshwa bila desimali, itasomeka 0, 0, 0, na jumla yake 1. Kompyuta haikukosea, imevishwa vazi lisilofaa.

Kwa hiyo yapasa wanafunzi wafundishwe kuandika programu fupi ifanyayo mambo matatu waziwazi: isome siku kabla ya mwezi; ihifadhi tarehe kama tarehe, si kama maandishi; kisha itaje umbizo la kila safu, yaani yyyy-mm-dd kwa tarehe na 0.0 kwa mvua. Mpangilio wa 2024-04-03 ndio uliowekwa na kanuni ya kimataifa ISO 8601 tangu mwaka 1988, nao hauna utata.

Hata mabingwa wameumizwa na jambo hili. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba jeni iliyoitwa MARCH1 sasa itaitwa MARCHF1, kwa kuwa lahajedwali zilikuwa zikiigeuza kuwa tarehe 1 Machi. Wao walilazimika kubadili jina. Kihonda haina haja ya kuibadili Aprili. Yatosha mwanafunzi aiambie kompyuta ni ipi siku na ni upi mwezi.