Muzigo iko wapi?

Ndugu raia wa Mweso, wa Bashali, wa Masisi na Walikale yote,

Jumapili moja ya mwezi wa 10, mwaka 2025, tulitoka Mweso asubuhi, watu 27 juu ya kinga, kuelekea Kitchanga. Hakuna aliyekuwa na jezi wala kofia ya mbio. Kinga nyingi zilikuwa zile za kubebea maharagi siku ya soko. Mbili hazikuwa na freni, wenyewe walisimamisha kwa soli ya kiatu. Kati yetu kulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wasichana wanne, fundi wa kinga, wanafunzi, na mimi mwenye lisanse isiyo na kazi. Kijana mmoja alikuja na chukudu yake, tukamwambia arudi, akakataa. Kwenye miteremko alitupita sote, kwenye milima tulimngoja.

Haikuwa mashindano. Hakukuwa na zawadi. Tuliita matembezi ya wote: kwenda pamoja, kunywa chai Kitchanga, kurudi pamoja. Njo vile tu.

Bariere ya kwanza walituangalia, wakacheka, wakainua kamba. Ya pili hawakucheka. Mwenye bunduki alizunguka kinga ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu akauliza:

— Muzigo iko wapi?
— Hatuna muzigo, mukubwa.
— Sasa muko naenda fanya nini?
— Tuko natembeza kinga tu.
— Bila muzigo? Nani anawatuma?

Ndugu raia, nataka mulisikie vizuri swali hilo, juu ndilo lililonifanya niandike. Yule mtu hakuwa mlevi. Aliuliza kwa ukweli, hakuelewa. Mtu mwenye makala anamuelewa, mama mwenye gunia la viazi anamuelewa, bei zao anazijua kwa kichwa. Lakini raia 27 wanaopita mikono mitupu, kwa furaha yao, hawakuwa na bei. Na kwenye barabara yetu, mtu asiye na bei ni mtu wa kushukiwa.

Tulikaa pale chini ya jua zaidi ya saa tatu. Simu zetu zilifunguliwa, majina yakaandikwa. Mwisho wakapata bei: faranga 1,000 kwa kila kinga, chukudu 2,000. Fundi alisema hana. Kinga yake ikabaki. Sisi wengine tukarudishwa Mweso, Kitchanga hatukuiona. Fundi alirudi kwa miguu, na sisi tulitembea naye tukisukuma, hakuna aliyepanda mpaka nyumbani. Ile kinga ndiyo ilikuwa inampeleka vijijini kutengeneza za wengine. Ndiyo ilikuwa inalipa shule ya watoto wake wawili.

Sitasema bariere ile ni ya nani. Wa hapa wanajua, na wa mbali haitawasaidia kitu, juu ukibadilisha nguo za yule mtu kamba inabaki ileile. Tumeiona kamba hiyo ikishikwa na mikono mingi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu zote mbili: 312 kwetu Kaskazini, 486 Kusini. Na nyingi zilikuwa za watu wa Leta wenyewe, si za waasi. Kwa hiyo anayetuambia kwamba shida ilianza na vita ya juzi, atudanganye kingine.

Tulipofika Mweso, hatukupewa pole na watu wote. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia: «Mwanangu, mulitafuta wenyewe. Watu wanakufa, watu wako kambini, nyinyi munacheza kinga.» Na kamaradi mmoja wa Goma akaandika kwamba tumeleta utoto katika mapambano.

Mzee wangu, najibu kwa heshima. Mama anayebeba maharagi ana sababu ya kupita, na kila siku anatozwa. Mgonjwa anayeletwa hospitali ya Mweso ana sababu kubwa kuliko zote, na anasimamishwa. Kila mara tumewaomba huruma: mwacheni huyu, ana mtoto mgonjwa, mwachilieni yule, ni mjane. Tumezoea kuomba kupita kwa sababu. Siku ile tulijaribu kupita bila sababu, kama raia tu. Njo tulipoona ukweli wote: haki ya kupita haipo kabisa, kuna bei na kuna huruma, basi. Hiyo si utoto, kamaradi. Hicho ni kipimo. Maandamano yakizuiliwa watasema ni siasa. Mzigo ukizuiliwa watasema ni kodi. Matembezi ya kinga yakizuiliwa, wataita nini?

Wazo la matembezi tulilitoa Tanzania. Kule, tangu 2019, watu wanapanda baiskeli kutoka Dar es Salaam mpaka Butiama, kijiji alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14/10/1999. Wanaiita Twende Butiama. Ni zaidi ya kilomita 1,000, mkoa baada ya mkoa, na wanaopanda si mabingwa, ni watu wa kazi zao. Njiani wanapanda miti, wanasaidia shule. Tanzania ina shida zake, sisemi ni mbinguni. Lakini mtu anatoka pwani mpaka karibu na ziwa Victoria, na kinachomchosha ni mlima na jua. Sisi hatukuomba kilomita 1,000. Tuliomba mwendo wa asubuhi moja.

Na kuna wale wanaotuonyesha Kigali. Tarehe 21 mpaka 28 mwezi wa 9, 2025, ubingwa wa dunia wa baiskeli ulifanyika pale, mara ya kwanza Afrika. Hata sisi tuliangalia kwenye simu, kwa siri na bila siri. Siku ya mwisho wanaume walipanda kilomita 267.5, wakamaliza 30 tu, akashinda Pogačar. Kutoka Mweso mpaka Goma ni karibu kilomita 100: wale wangeenda na kurudi na bado wangekuwa na nguvu. Tarehe 13/02/2025 Bunge la Ulaya liliomba mashindano yafutwe kama Rwanda haibadilishi mwendo wake kwetu. Hayakufutwa. Miezi michache mbele yake Goma ilikuwa imeanguka, watu wetu wanazika watu wao, na dunia ikaja kupiga makofi ng'ambo ya mpaka.

Iliniuma, sifichi. Lakini nawajibu pande mbili. Ninyi munaosema «angalieni kwao ni lami na usafi, nyinyi Wakongomani munajua tu kulia»: lami ya jirani si dawa ya kidonda changu, na anayekanyaga shamba la mwenzake asisifiwe kwa bustani yake. Na ninyi wa kwetu, wa Kinshasa, muliozunguka dunia kuomba mashindano ya Kigali yafutwe: sawa, mulikuwa na haki. Lakini kinga za Mweso nani anaziombea? Ni rahisi kuzuia mbio za wengine. Mutuonyeshe barabara moja ya Masisi muliyoifungua ili watoto wa hapa wapite.

Haki hiyo hatukuitunga sisi. Katiba ya tarehe 18/02/2006, artikle ya 30, inasema kila mtu aliye katika inchi hii ana haki ya kutembea humo kwa uhuru. Haisemi «mwenye muzigo». Artikle ya 174 inasema hakuna kodi ila ile iliyowekwa na sheria. Kamba si sheria. Karatasi yenye muhuri wa mpira uliochongwa sokoni si sheria.

Sasa niseme na jambo la aibu, juu polemiki isiyomgusa mwandishi ni kelele tu. Kwenye bariere ile, aliyekuwa anaandika majina yetu hakuwa na bunduki. Ni kijana wa umri wangu. Mwandiko wake mzuri, mistari imenyooka, amesoma, inaonekana. Hakutuangalia usoni. Mimi nilimwelewa haraka kuliko wenzangu. Tangu nimalize chuo nimepeleka barua nyingi, sikupata jibu hata moja. Kazi pekee niliyowahi kupewa ni hiyo: kuandika jeto kwenye bariere. Nilikataa, lakini sikukataa siku ileile. Nilifikiri siku mbili. Nilihesabu ningepata ngapi kwa mwezi. Bariere ina kamba, ina bunduki, na ina msomi asiye na kazi anayeshika kalamu. Wasomi wenzangu, kalamu hiyo ndiyo sehemu yetu katika wizi huu. Wakiikosa, watabaki na kamba na bunduki, na mbele ya watu wote utaitwa jina lake.

Kwa hiyo tunasema:

1. Kinga ya fundi irudishwe. Tunaanza na hiyo, juu ni kitu kinachoonekana, na aliyeichukua anajua iko wapi.

2. Bariere zote za pesa kwenye barabara ya Sake, Kitchanga, Mweso, Kalembe mpaka Pinga ziondolewe, za kila upande, bila kungoja nani ataanza.

3. Ninyi muliotia saini Washington tarehe 27/06/2025 na Doha tarehe 19/07/2025: andikeni bariere kwa jina, na siku ya kuziondoa, na nani atahesabu. Sisi tuko hapa, tunaweza kuhesabu. Amani ambayo kinga haiwezi kupita ndani yake, hatuijui.

4. Leta ya Kinshasa ilipe askari wake na walimu wake, ili siku itakaporudi hapa isirudi na kamba.

5. Raia: usigombane na mwenye bunduki, uhai wako ni wa thamani. Lakini ukitozwa, weka kichwani mahali, siku na kiasi, na ukifika nyumbani andika. Mama asiyejua kuandika amwambie mtoto wake. Siku ya kuuliza itakuja, na siku hiyo tusiwe na machozi tu, tuwe na daftari.

6. Kijana msomi unayeandika jeto: acha. Kama huwezi kuacha leo, basi hesabu na wewe.

Tutapanda tena. Tarehe hatuandiki hapa, mutaisikia. Mwenye kinga alete kinga, mwenye chukudu alete chukudu, asiye na kitu atatembea kando yetu. Fundi atapanda nyuma yangu, nimemwambia. Na tukiulizwa tena muzigo iko wapi, wote 27 tumepatana jibu:

Hatuna, mukubwa. Sisi ni raia, tunapita.

Kijana wa Mweso, lisanse bila kazi