Butembo na Beni: Bendi za nyumbani zipewe mchana

Katika manganda mengi ya Butembo na Beni, mwisho wa juma muziki unatoka kwenye simu ya mwenye nganda ao kwenye kompyuta ya DJ. Kijana wa mji akialikwa kuimba, mara nyingi anapewa mikrofoni, wimbo wake uliorekodiwa unawekwa, naye anafungua na kufunga mdomo juu yake. Wale wanaopiga gitaa, besi na ngoma kwa mikono yao wanabaki kwenye korali za makanisa na kwenye harusi. Jambo hilo linaweza kubadilika bila kumweka mtu katika hatari: tamasha zifanyike mchana, mlango ulindwe, na bendi ilipwe.

Woga wa viongozi una sababu. Tangu Oktoba 2014 raia wanauawa katika eneo la Beni. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo la Kivu ya Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi, ule unaoitwa état de siège. Tarehe 27 Juni 2021 mabomu yalilipuka katika mji wa Beni, moja ndani ya kanisa. Na siku ya Noeli mwaka huohuo, mtu aliyejifunga bomu alijilipua kwenye restora Inbox, watu wakiwa wanafurahia sikukuu. Meya anayesita kutia sahihi kwenye ruhusa ya tamasha anakumbuka siku hizo, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa kukumbuka.

Lakini kuna somo katika msiba wa Inbox. Wakubwa wa jeshi walieleza kwamba mtu yule alizuiliwa mlangoni asiingie, ndipo akajilipua palepale. Watu wasiopungua watano walikufa, na kila mmoja wao ni hasara isiyolipika. Ndani mulikuwa familia na watoto. Kama mlango ungekuwa wazi, hesabu ingekuwa kubwa zaidi.

Na kulinda mlango ni kazi ambayo wakaaji wa miji hii miwili wanaijua. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliua watu zaidi ya 2,200 katika mashariki ya nchi. Mwanzoni wengi walibisha, hata walikataa kunawa. Baadaye ndoo ya maji yenye klorini ikasimama mbele ya kanisa, shule, duka na ofisi, na mtu hakuingia bila kunawa na kupimwa joto. Mji uliozoea kunawa mikono kwenye kila mlango hautashindwa kufungua mfuko ili uangaliwe.

Goma ilionyesha njia. Festivali Amani ilipangwa kuanza mwaka wa 2013, vita vikaichelewesha, nayo ikafanyika Februari 2014 katika kiwanja cha shule Mwanga. Tiketi ya siku iliuzwa kwa dola 1 tu. Maelfu ya watu walikuja, na vikundi vya vijana wa eneo vilipanda kwenye jukwaa lilelile na wasanii waliotoka nje. Haikungojea amani ifike kwanza.

Kuna swali zito zaidi: ni haki kucheza muziki mjini wakati vijijini watu wanazikwa? Swali hilo linastahili heshima. Siku ya maombolezo, vyombo vifungwe. Lakini harusi zinaendelea, mechi za mpira zinaendelea, na bia inauzwa kila siku pamoja na muziki uliorekodiwa Kinshasa ao Lagos. Kinachonyamazishwa kweli ni sauti ya mtoto wa Butembo anayeimba kwa Kinande na Kiswahili yale aliyoyaona mwenyewe. Waliokimbia vijiji vyao wangejisikia wamekumbukwa zaidi katika wimbo wake kuliko katika ukimya.

Inabaki pesa. Bendi ya watu sita inakodisha vyombo, inalipa moto wa kuwabeba, inanunua esansi ya jenereta. Mwenye nganda anahesabu chupa, halafu anawapa wanamuziki soda na asante. Watu 200 wakilipa franga 2,000 kila mmoja, ni franga 400,000. Wakiandikiana mbele ya tamasha kwamba nusu ni ya bendi, gitaa halitauzwa mwisho wa mwezi. Butembo, mji wa wafanyabiashara waliozoea kujijengea bila kungojea Kinshasa, hauwezi kusema hesabu hiyo ni ngumu.

Msikilizaji naye ana deni. Wengi wanajivuna kwamba UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha yake Desemba 2021, lakini wanataka kuingia bure kijana wa mtaa wao anapopiga. Rumba ilikuzwa na bendi zilizopiga mbele ya wachezaji, usiku baada ya usiku, hadi vidole vikajua njia. Hakuna anayejifunza hivyo kwa kuimba juu ya wimbo uliorekodiwa.

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa jimbo unatumikia Beni. Kwa hiyo ruhusa haina safari ndefu. Ofisi ya meya itangaze karatasi moja na bei moja inayojulikana na wote. Polisi wakae mlangoni, wanawake wawepo kwa kuwaangalia wanawake. Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, kila mtu awe amefika nyumbani kabla ya giza. Masaa hayo matatu yanatosha kwa kuanza.