Sheria Isikimbizane na Majina ya Kemikali

Mwaka 2018 Marekani ilihalalisha bangi ya viwandani kwa sharti kwamba THC yake, kemikali inayolevya, ya aina ya delta-9 isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Nia ilikuwa kumwinua mkulima, lakini kutajwa kwa kemikali moja tu kuliacha mwanya. Wenye maabara walichukua CBD, kemikali ya mmea huohuo isiyolevya, wakaichanganya na asidi ikageuka delta-8 THC, inayolevya. Wengine walisonga mbele zaidi: waliiongezea THC hidrojeni kwa msaada wa metali kama paladi, wakapata HHC, inayolevya pia. Peremende na sigara za kielektroniki zenye kemikali hizo zikajaa madukani hadi vituo vya mafuta.

Kosa la kutaja kemikali kwa jina moja moja limejirudia kwingine. Ufaransa ilipiga marufuku HHC Juni 2023. Novemba mwaka huohuo Japani ilikuwa ikihangaika na HHCH, ndugu yake, baada ya watu kuugua kwa kula peremende zenye kemikali hiyo. Umoja wa Mataifa uliiweka HHC chini ya udhibiti wa kimataifa Machi 2025, wakati ndugu zake wengine walikuwa wameshaingia sokoni. Mkemia hubadilisha molekuli kwa wiki chache. Kubadili sheria huchukua miezi au miaka. Ndiyo maana nasema sheria itaje ukoo mzima: kanabinoidi (kemikali ya jamii ya THC na CBD) yoyote inayolevya iliyogeuzwa maabara idhibitiwe tangu siku inapozaliwa. Marekani yenyewe imeelekea huko kwa sheria ya Novemba 2025, inayohesabu THC yote kwa jumla na kuondoa kwenye uhalali kanabinoidi zilizotengenezwa nje ya mmea.

Wapo wanaohofia kwamba marufuku ya jumla itaua utafiti wa dawa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa ya nabiloni, inayotengenezwa maabara kutuliza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani, ilifika hospitalini kwa kupimwa na kuidhinishwa. Njia ya leseni ibaki wazi. Wengine husema mtu mzima aachiwe achague. Achague nini? HHC huja na maumbo mawili, moja likilevya sana na jingine kidogo, na uwiano wake hutofautiana toleo hadi toleo. Mabaki ya metali pia yanaweza kubaki ndani. Nchi inayotaka kuruhusu biashara hii imtake muuzaji apime kila toleo na kuthibitisha usalama kabla ya kuuza. Asiyeweza kuthibitisha hana haki ya kumfanya mteja kuwa kipimo chake.