Kalvati za Bumula zipimwe kwa mvua ya Bumula

Jumla ya mvua ya mwaka haitoshi kupimia kalvati. Huku Bumula mvua kubwa hunyesha alasiri, na sehemu yake kubwa humwagika kwa muda mfupi. Ukiigawa sawasawa kwa saa 24, kilele cha mvua kinapotea na mtaro unachimbwa mdogo. Ukinakili mgawanyo wa mvua kwa saa uliotungwa Marekani, unapima dhoruba za kwao. Mtafiti Fiddes na wenzake walichapisha njia ya kukadiria mvua za dhoruba za Afrika Mashariki mwaka 1974. Kaunti yetu ya Bungoma ianzie hapo, kisha iisahihishe kwa vipimo vya sasa. Sehemu ya maji yetu huishia mto Nzoia, na huko chini, Budalang'i, ndiko yanakofurika. Wahandisi, tafadhali msikadirie kwa mazoea.