Meza Ichaguliwe kwa Kazi, Si kwa Cheo

Miongoni mwa mambo ambayo sisi tuliovaa sare huyaona kuwa madogo mno kustahili fikira, limo hili la meza ya ofisini. Bunduki huhesabiwa kila siku, gari hukaguliwa mafuta na magurudumu, viatu hupigwa rangi hata vikang'aa. Lakini meza, ambayo juu yake huandikwa amri, maelezo ya mashahidi, mishahara ya askari na mafao ya wajane wao, huletwa jinsi ilivyopatikana na kuwekwa popote penye nafasi. Nathubutu kusema kwamba kosa hili si dogo. Meza isiyofaa huchelewesha kazi na kuvujisha siri, na pengine humnyima mwananchi haki yake.

Historia ya maneno yenyewe ina onyo ndani yake. Neno "meza" Waswahili walilipata kwa Wareno, na "dawati" asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni kidau cha wino. Kwa hiyo dawati lilitajwa kwa kazi yake, nayo ni kuandika. Wafaransa nao walikuwa na neno "bureau", lililokuwa jina la kitambaa kizito cha kufunikia meza. Baadaye likawa jina la meza, kisha la ofisi nzima, na mwishowe likazaa neno ambalo dunia nzima hulitumia kuutaja urasimu, yaani ule utawala wa makaratasi unaomzungusha mwananchi mpaka akate tamaa. Hivyo meza ile ile yaweza kuwa chombo cha kazi au boma la kujificha. Tofauti hutokana na nia ya yule anayeichagua.

Desturi iliyozoeleka katika ofisi nyingi ni kuigawa meza kama vyeo vinavyogawiwa. Mkubwa hupewa meza pana kama kitanda, yenye kioo juu yake na bendera ndogo pembeni. Karani mwenye mafaili mia mbili hupewa kimeza chenye mguu mmoja uliotiwa kipande cha tofali. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Meza inayong'aa mbele ya mgeni, na ndani yake hamna hata kalamu, haimwongezei mkubwa heshima hata chembe.

Tulipokuwa makadeti tulifundishwa kwamba mahali pa kuweka bombomu hapachaguliwi kwa uzuri wa kivuli. Askari hujiuliza kwanza: adui atatokea wapi, risasi itafika wapi, na mwenzangu yuko upande gani? Kanuni hiyo hiyo yafaa kutumika ofisini. Kabla ya kuagiza meza, hapana budi tuulize: ni kazi gani itafanyika juu yake, ni nani atakayeketi nyuma yake, na ni nani atakayekuja mbele yake?

Tuanze na kituo cha polisi. Kaunta ndefu ya mapokezi ina sababu yake, kwa maana humlinda askari wa zamu na kuliweka daftari la matukio mbali na mikono ya watu. Lakini kaunta haifai kwa kila jambo. Mwanamke aliyeingiliwa kwa nguvu hawezi kueleza yaliyompata akiwa amesimama, huku nyuma yake wakisikiliza watu watano waliokuja kuulizia baiskeli zilizoibwa. Huyo ahitaji meza ya kawaida katika chumba cha pembeni, yenye viti viwili vya kimo kimoja, ili asimtazame askari kama mtu anayeangalia juu ya mti. Asipoipata meza hiyo atasema nusu ya habari, na nusu ya habari haimtii mhalifu hatiani. Gharama ya meza ya namna hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na kesi iliyoharibika.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba hapa Uganda Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inaamuru kwamba mtu aliyekamatwa kwa tuhuma ya kosa, ikiwa hajaachiliwa, afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48. Mpelelezi anayeandika juu ya goti lake, ambaye maelezo aliyoyachukua jana yamechanganyika na karatasi za wenzake watatu wanaoshiriki meza moja, anaupoteza muda huo kwa kutafuta badala ya kupeleleza. Kila mpelelezi awe na droo yake yenye kufuli, na ufunguo wa pili ukae kwa mkuu wa kituo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilo na mahali pa kufungiwa hupotea vivyo hivyo.

Jeshini mahitaji ni mengine. Ofisa wa operesheni anahitaji meza pana kuliko ya kamanda wake, wala hapo pasionekane utovu wa adabu. Karatasi moja ya ramani ya Uganda ya kipimo cha 1 kwa 50,000 huonyesha eneo la kilometa 27 na zaidi kila upande, na sehemu iliyochorwa ni kama sentimita 55 kila upande. Doria ikipita penye pembe ya ramani, karatasi nne huunganishwa, na mara moja meza isiyopungua mita moja na robo kila upande inahitajika. Anayezikunja ramani kwa sababu meza ni ndogo huenda akakunja ndani yake mto au kilima ambacho askari watakutana nacho usiku.

Karani wa kikosi naye asidharauliwe. Juu ya meza yake hupita faili la kila askari: tarehe ya kuandikishwa, majina ya watoto, jina la mrithi. Askari akifa vitani, mjane husafiri kutoka mbali akiwa na watoto wake na bahasha mkononi. Ikiwa karatasi zake zimelowa kwa chai iliyomwagika, au zimeangukia nyuma ya kimeza kisicho na droo, yeye ndiye atakayeambiwa arudi mwezi ujao. Askari aliyelala kaburini hawezi kuja kulalamika. Kwa hiyo karani apewe meza yenye droo pande zote mbili, na kabati karibu yake, kabla mkubwa yeyote hajaletewa meza mpya.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana nia njema bila futi ya kupimia haitoshi. Meza ya kuandikia yapasa kuwa na kimo cha sentimita 72 hadi 75 kutoka sakafuni, hivyo kwamba mwandishi wa umbo la kawaida akiketi vyema, viwiko vyake vikae karibu sawa na uso wa meza, na mabega yasipande. Chini yake magoti yapate nafasi ya sentimita 60 kwa upana. Ikiwa ni meza ya kompyuta, kina chake kisipungue sentimita 75, ili kioo cha mashine kikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Anayeandika kwa mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto. Mwenye kuketi auone mlango, na maandishi yake yasielekee dirisha linalopitiwa na watu. Tena, upimwe mlango wa ofisi kabla meza haijanunuliwa, isije ikalala uani na kunyeshewa.

Kuhusu mbao, tusidanganywe na rangi. Meza za unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi hupendeza dukani, lakini zikipata maji huvimba na kumeguka. Mvule huwashinda mchwa na hudumu miaka mingi, ila ni mti unaokua polepole na haupatikani tena kwa wingi kama zamani. Kwa sababu hiyo meza kuukuu ya mvule isichomwe kuni jikoni, bali itengenezwe. Karakana za useremala za Magereza, kama ile ya Luzira, zinaweza kuchonga meza kwa vipimo tunavyovitaka, badala ya sisi kuvilazimisha viungo vyetu vifuate vipimo vya dukani.

Wapo watakaosema kwamba kamanda mwenye meza ndogo hataheshimiwa. Nami nakubali kwamba cheo kina adabu zake, na kamanda anastahili meza safi na imara inayofaa kupokelea wageni. Lakini askari humheshimu mkubwa kwa amri iliyo wazi na kwa haki iliyotendeka kwa wakati. Hajapata kutokea askari aliyeshika lindo usiku kucha kwa ajili ya upana wa meza ya mkuu wake.

Kwa hiyo ndugu maofisa, kabla ya kutia sahihi karatasi ya kununua meza nyingine, tupite kwanza ofisi hadi ofisi tukiwa na futi mkononi. Tukae katika kila kiti, tuvute kila droo, kisha twende upande wa pili tukasimame pale anaposimama raia. Meza itakayoonekana mbaya kutoka upande ule ndiyo ibadilishwe ya kwanza.