Ubingwa wa vyuo Marekani upatikane uwanjani, si mezani

Desemba 2023, timu ya Chuo Kikuu cha Florida State ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda zote 13. Kombe la ligi yake, ACC, ikawa imebeba. Kisha wajumbe 13 wa kamati wakakaa, wakapiga hesabu zao, wakatoka na jibu: nyie hamumo. Nafasi nne za kuwania ubingwa wa taifa zikaenda kwa Michigan, Washington, Texas na Alabama. Texas na Alabama kila moja ilikuwa imeshafungwa mara moja.

Mashabiki wa hapa kwetu wana jina la mambo ya namna hiyo. Wanayaita maamuzi ya mezani.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, hatuzungumzii soka. Ni futiboli ya Marekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, na tena si wa wale wanaolipwa katika NFL, bali wa vyuo vikuu. Usidhani ni mchezo wa kupoteza muda baada ya vipindi. Uwanja wa Michigan peke yake unaingiza watu zaidi ya laki moja, na unajaa.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye hesabu. Ligi ya soka tuliyoizoea haihitaji mtoano. England kuna timu 20, kila moja inakutana na nyingine nyumbani na ugenini, mechi 38, mwisho wa msimu mwenye pointi nyingi anachukua kombe lake. Hakuna wa kubishana naye kwa sababu amekutana na wote. Lakini daraja la juu la futiboli ya vyuo lina timu zaidi ya 130, na kila moja inacheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida. Timu hizo zimegawanyika katika ligi zake, zingine ngumu na zingine nyepesi, na nyingi hazikutani kabisa. Hapo msimamo wa pointi hauwezi kukuambia nani bora. Zinabaki njia mbili tu: ama watu wapige kura, ama timu zikutane. Hakuna ya tatu.

Kwa miaka mingi Marekani walichagua kura. Waandishi wa habari walipiga za kwao kupitia shirika la AP, makocha nao za kwao. Matokeo yake ndiyo yale ya msimu wa 1997: Michigan hawakufungwa, Nebraska hawakufungwa, waandishi wakawapa Michigan ubingwa, makocha wakawapa Nebraska. Timu hizo hazikukutana. Mabingwa wawili, kombe moja, na ubishi ambao haujaisha hadi leo.

Kuanzia msimu wa 1998 wakaja na mfumo wa BCS, uliochanganya kura na kompyuta ili kupata timu mbili za kucheza fainali. Ikaonekana dawa imepatikana. Wapi bwana! Msimu wa 2003 LSU wakashinda fainali hiyo, lakini waandishi wa AP wakawapa ubingwa wao USC. Msimu uliofuata Auburn walishinda mechi zao zote 13, na fainali wakaiangalia kwenye televisheni kama mimi na wewe. Msimu wa 2008 Utah nao hawakufungwa na yeyote, wakamalizia kwa kuwachapa Alabama 31-17 katika mechi ya Sugar Bowl. Ubingwa ukaenda kwingine. Kosa la Utah lilikuwa nini? Kuzaliwa katika ligi ndogo.

Mtoano wa timu nne ulianza msimu wa 2014, na mwaka huohuo ukaonyesha kwa nini ulihitajika. Ohio State waliingia wakiwa wa nne, wa mwisho kabisa. Kwotabeki wao wa kwanza, yaani yule anayeongoza na kurusha mipira ya mashambulizi, aliumia kabla ya msimu. Wa pili akaumia Novemba. Wakamwingiza wa tatu, Cardale Jones. Huyo akawaongoza kuifunga Alabama 42-35, kisha Oregon 42-20 kwenye fainali.

Shikilia kisa hicho, halafu rudi kwa Florida State. Unajua sababu iliyotolewa ya kuwaacha? Eti kwotabeki wao, Jordan Travis, ameumia, hivyo timu si ileile tena. Miaka tisa tu baada ya kwotabeki wa tatu kubeba kombe! Ni kweli, Florida State walikuja kufungwa 63-3 na Georgia katika mechi ya Orange Bowl, na wapo wanaosema kipigo hicho kiliipa kamati haki. Lakini mechi ile wachezaji wengi tegemeo wa Florida State hawakucheza, kwa kuwa walichokuwa wanakipigania kilishachukuliwa. Huwezi kumnyang'anya mtu chakula, halafu ukamcheka kwamba hana nguvu.

Msimu wa 2024 mtoano ukapanuliwa hadi timu 12. Wapinzani wakaja na hoja tatu, na si za kupuuzwa.

Ya kwanza, kwamba mtoano unaua utamu wa msimu. Wanatoa mfano wa Ohio State haohao, waliofungwa nyumbani na mahasimu wao Michigan 13-10 Novemba 2024, lakini Januari wakawa mabingwa. Sawa. Ila tazama njia waliyopita: Tennessee, Oregon, Texas, halafu Notre Dame kwenye fainali, 34-23. Oregon ndio waliokuwa namba moja, na Oktoba walikuwa wamewafunga Ohio State kwa pointi moja, 32-31. Walipokutana tena kwenye mtoano wakachapwa 41-21. Chini ya mfumo wa zamani tungebaki tunabishana baa. Sasa jibu lipo.

Ya pili, kwamba timu ndogo zinakwenda kuaibika. Kweli zinapigwa. Msimu wa 2025 Tulane walifungwa 41-10 na Ole Miss. Lakini Alabama, mkubwa wa wakubwa, walifungwa 38-3 na Indiana katika mtoano huohuo. Mbona sijasikia mtu akisema Alabama wasiitwe tena? Kipigo ni sehemu ya mchezo. Cha aibu ni kunyimwa nafasi ya kupigwa.

Ya tatu ndiyo nzito: hawa ni wanafunzi, na mechi zimekuwa nyingi. Ohio State walicheza 16 msimu ule. Hapa nakubaliana nao, ila dawa si kuua mtoano. Punguzeni mechi moja ya msimu wa kawaida. Tatizo ni kwamba mechi ni tiketi na ni fedha za televisheni, na hakuna mkubwa anayetaka kuachia. Basi wasiwasingizie wanafunzi.

Na isitoshe, madaraja ya chini ya mchezo huuhuu yana mtoano tangu miaka ya 1970, na wanafunzi wake wanasoma kama kawaida. Inakuwaje wadogo waweze na wakubwa washindwe?

Lakini tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Katika misimu miwili ya kwanza ya mtoano wa timu 12, nafasi tano zilikuwa za mabingwa wa ligi na saba za kuteuliwa. Na hata hizo tano zilitegemea orodha ya kamati. Meza bado ipo, imesogezwa pembeni tu.

Mfano mzuri ni msimu huo wa 2025. Miami waliwafunga Notre Dame 27-24 mwanzoni kabisa. Timu zote mbili zikamaliza na ushindi wa mechi 10 na vipigo viwili. Mtoto wa shule ya msingi angejua nani aanze. Kamati ikaiweka Notre Dame juu ya Miami wiki baada ya wiki, hadi siku ya mwisho ndipo ikageuza. Miami wakaingia wakiwa wa 10, wakawatoa mabingwa watetezi Ohio State, wakafika fainali na kufungwa na Indiana 27-21. Timu iliyokuwa bora ya pili nchini ilinusurika kwa mjumbe kubadili mawazo. Huo ni mfumo gani?

Sasa kuna mazungumzo ya kuongeza timu tena. Kuongeza peke yake hakutibu kitu, maana atakayeachwa nje atalia tu. Kinachotakiwa ni sheria. Angalau nusu ya nafasi ziwe za mabingwa wa ligi, walioshinda kombe lao. Timu mbili zikilingana na zilishakutana, aliyeshinda awe juu, na kamati isiruhusiwe kugusa hilo. Na robo fainali zichezwe kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe, ili aliyefanya vizuri msimu mzima apate faida ya mashabiki wake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kijana wa miaka 20 aliyeshinda mechi zote 13 hadai apewe kombe. Anadai mechi ya 14.