Kusoma mazoezi ya mwili siyo kwenda kucheza

Kila mara tunapotoka nyumbani na silabusi chini ya kwapa, jirani hakosi kuuliza: "Mama, uko naenda kusoma nini sasa?" Tukimjibu kwamba tunasoma mambo ya mazoezi ya mwili, kine, namna misuli na viungo vinavyofanya kazi, anacheka mpaka anajishika kiuno. "Kumbe uko naenda kucheza! Na batoto babaki na nani?"

Leo tunataka kumjibu jirani yule, na pamoja naye tuwajibu ninyi ndugu wachimbaji wa Kamituga, Misisi, Nyabibwe na Nzibira, na ninyi wamama wenye mnabaki hapa Bukavu mkingoja simu ya bwana. Sisi wenye kuandika tuko tisa, wamama sita na wababa watatu. Kila mmoja wetu ana mtu wake kwenye machimbo: bwana, kaka, baba, au yeye mwenyewe alichimba zamani kabla ya kurudi shuleni. Siku moja, tukiwa tunangoja mwalimu ambaye hakufika, tulihesabu watoto wetu wote pamoja, tukapata 31. Basi yule anayetuona kama vijana wasio na kazi, wenye kuzunguka na kalamu, ajue hesabu hiyo.

Juu ya nini tulichagua masomo haya na siyo sheria au uchumi, yenye kuleta kiti na ofisi? Ni kwa sababu ya migongo tunayoiona nyumbani. Mwanaume wa miaka 34 anarudi kutoka Kamituga kwa barabara ya RN2, anashushwa kwenye lori kwa kushikiliwa mikono miwili kama mzee. Analala chini, juu ya mkeka, maana kitanda kinamuumiza. Mtoto anataka kumrukia, mama anapiga kelele: "Acha baba yako!" Tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilipojaza maji shimo la Detroit kule Kamituga, watu wapatao 50 walifia chini. Nchi nzima ililia, na ilistahili kulia. Lakini mgongo unaovunjika pole pole, gunia kwa gunia, kwa miaka kumi, hakuna mkubwa anayekuja kuusalimia. Unaliliwa na watu wa nyumba moja tu.

Kuna neno tunalisikia sana, hata kwa watu waliosoma: "Mchimbaji ana sport ya kutosha, anabeba kutwa nzima, mazoezi ya nini tena?" Sisi pia tuliamini vile. Halafu tukafundishwa habari ya mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari mmoja, Jerry Morris, na wenzake walitoa utafiti uliolinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na wale wenye kukata tiketi. Dereva anakaa kutwa, mkata tiketi anapanda na kushuka ngazi kutwa. Ugonjwa wa moyo ulikuwa mwingi zaidi kwa madereva. Hapo dunia ikaanza kuelewa kwamba kutembeza mwili ni dawa. Sawa. Lakini miaka ya karibuni watafiti wa Denmark, mmoja wao Andreas Holtermann, wameonyesha upande mwingine: jasho la kazi nzito halimsaidii mtu kama jasho la mazoezi, na mara nyingine linamdhuru.

Njo hapo mambo ya shimoni yanapoingia. Mwenye kufanya mazoezi anaanza wakati anataka, anakaza misuli kwa muda, anapumzika, anakunywa maji, kesho anaachia mwili ujirekebishe. Mwenye kuchimba anainama saa nane au kumi bila kunyoosha kiuno, moyo unapiga mbio kutwa, presha inapanda kila anapoinua, na kesho asubuhi anarudi pale pale kwa sababu PDG wa shimo hangojei mgongo wa mtu. Tena anavuta vumbi. Kazi ile inakula mwili. Kuiita sport ni kujidanganya. Ni kama kusema mwenye kuzama ziwani amekunywa maji ya kutosha.

Sasa mtu akiisha kuumia anafanya nini? Tunawajua, tunaishi nanyi. Kwanza ananunua mkanda mpana, anaukaza kiunoni mpaka pumzi inakuwa fupi. Pili anameza tramadol, ile inayouzwa kwa kimoja kimoja bila karatasi ya daktari. Tatu, anaambiwa alale wiki tatu asitikisike. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno yanayodumu kwa watu wazima. Linasema watu milioni 619 waliumwa kiuno duniani mwaka 2020, mtu mmoja kati ya 13. Lilipofika kwenye matibabu, likashauri mazoezi yanayopangwa, na mgonjwa aelezwe vizuri hali yake. Mikanda ya kiuno lilisema isitumiwe kama dawa ya kawaida. Na vidonge vya kundi la afyuni, ambamo tramadol imo, lilisema vilevile visitumiwe. Tuliposoma ukurasa ule tuliangaliana bila kusema. Mambo yote mawili yenye kukatazwa yako sokoni Kadutu na yako kwenye machimbo. Jambo lenye kushauriwa halina mtu wa kulifundisha kule.

Tuseme wazi ili mtu asituelewe vibaya. Kuna mgongo usiongoja mazoezi. Mguu ukikosa nguvu, mkojo ukitoka bila wewe kujua au ukikataa kutoka, ganzi ikishika katikati ya mapaja, au maumivu yakianza baada ya kuanguka shimoni, au yakija pamoja na homa na kukonda, hiyo ni ya hospitali, siku ile ile. Na tuseme lingine ambalo wenzetu wa shule hawapendi kusikia: kumfundisha mchimbaji kukunja magoti wakati wa kuinua, peke yake, hakutoshi kama gunia linabaki na uzito ule ule. Gunia moja likigawanywa mawili, mtu wa kubeba akibadilishana na mtu wa kuchota, hapo mgongo unapata nafasi. Hilo ni jambo la kuamua mwenye shimo, siyo la misuli ya mbebaji.

Wamama ndio wamesahauliwa kabisa. Kamituga wako wale wa kutwanga mawe kwa mchi wa chuma, mtoto mgongoni, vumbi usoni. Vumbi la mawe yale linaharibu mapafu na kumfungulia kifua kikuu mlango. Hapa mjini wako wamama wabeba mizigo, kamba kwenye kipaji cha uso, wakipanda kutoka ziwani na mzigo uliozidi uzito wao wenyewe. Wengi wanarudi kazini wiki chache baada ya kuzaa, na misuli ya chini ya nyonga bado imelegea. Halafu mwanamke anaanza kuvuja mkojo akikohoa, au anasikia kitu kinashuka. Anaona haya, ananyamaza, bwana anahama kitanda. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Mukwege mwaka 1999, inajulikana dunia nzima kwa kuwapasua na kuwaponya wamama, na wenye hali mbaya njia yao ni ile. Lakini kuvuja kwa mwanzo kunaweza kupungua sana kwa mazoezi ya misuli ile ile, kukaza na kulegeza, kila siku kwa miezi michache. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika juu yake tangu mwaka 1948. Hayaombi mashine wala salle de sport. Yanaomba mwanamke aliyesoma, wa kumwelezea mwenzake kwa Kiswahili, Kilega au Mashi, mlango ukiwa umefungwa. Mwanamke yule ndiye jirani anayesema anaenda kucheza.

Sasa tuje kwenye maisha yetu sisi wenyewe, maana hatutaki kujifanya mashujaa. Mwenzetu mmoja ana presha tangu mimba ya tatu. Anasoma somo la moyo huku wa kwake unamsumbua, na kuna wiki anachagua kati ya dawa na nauli ya kutoka Panzi mpaka darasani. Mwingine ana mtoto SS. Baridi ya Bukavu ikishuka mwezi wa mvua, mtoto anaingia kwenye maumivu, na kila mwaka inaangukia wiki ya mitihani, kana kwamba damu ile inasoma kalenda. Siku tuliyofundishwa mgongo, mwandishi mmoja wa makala hii alikuwa amelala juu ya benchi ya nyuma kwa sababu wake ulikataa kukaa. Tulicheka wote, na mwalimu pia. Usiku tunasoma kwa taa ya simu, umeme wa SNEL ukiwa umekwenda, mtoto wa mwisho amelala juu ya silabusi. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23 na benki zikafunga, hela ya machimbo inafika kwa mzunguko mrefu na inakatwa njiani, kwa hiyo ada tunailipa kwa likelemba, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho kwenye mstari anafukuzwa darasani kabla zamu yake haijafika.

Hapo tunataka kusema na wenye shule za juu. Mwenzetu mmoja alikosa siku sita za staji, mtoto akiwa amelazwa na karatasi ya hospitali mkononi. Aliambiwa arudie mwaka. Siyo siku zile sita, mwaka. Tunajua masharti ni masharti, na mtu wa kine asiyegusa wagonjwa asipewe diploma, hilo tunakubali kabla ya wengine. Lakini mfumo wa LMD, wenye tuliambiwa unaleta mwanga, unahesabu masomo kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Maana ya krediti ni kwamba ulichokipata kinabaki chako. Juu ya nini basi siku sita zisilipwe kwa siku sita wakati wa likizo? Mgonjwa wa hospitali hajui kama ni Juni au Agosti. Na mama anayenyonyesha, apewe chumba na nusu saa, hatukuomba kitanda.

Wasimamizi watasema shule siyo kituo cha mambo ya familia. Tunajibu: shule hii inafundisha mwili wa binadamu. Inafundisha kwamba msuli usiopumzishwa unachanika. Haiwezi kuandika hivyo ubaoni asubuhi na kulisahau mchana kwenye ofisi ya sekretari.

Kwenu wababa wa machimbo, neno letu ni fupi na linauma kidogo. Bibi akisema anasoma, usimwambie kwamba unamlipia michezo. Kijana wenu akiwa fundi wa moto mnafurahi. Mkewe akijua namna ya kurudisha bega lililokaza, mnauliza chakula kiko wapi. Wengine wenu mmetusaidia sana, mmepika bugali mkiwa likizo, na sambaza zikaungua, tukazila. Tunawashukuru bila mzaha.

Na kwa wakubwa wa kooperative: mnakata kwa kila gunia hela ya hiki na kile. Mchimbaji wa mkono hana patron wa kumlipia CNSS; akiumia, familia inauza shamba. Mna hela ya sanduku la maiti, tumeiona ikitoka haraka, na ni heshima. Tunaomba sehemu ndogo iende kwa mtu mmoja wa kine, siku mbili kwa wiki, kwenye kibanda kilicho karibu na shimo, na mwanamke awepo kwa ajili ya wamama wa kutwanga. Aje na mkeka, mpira, na daftari la kuandika nani anaumwa wapi. Baada ya mwaka daftari lile litawaambia shimo gani linavunja watu na kazi gani inavunja zaidi, jambo ambalo leo kila mtu anakisia tu.

Watatu kati yetu watamaliza mwaka huu kama mitihani itafanyika na kama watoto watakubali. Wawili wamekwisha kusema watakwenda Kamituga, hata kwa kulala kwa shangazi. Wa tatu ana presha, na daktari amemkataza barabara ile. Atabaki hapa mjini, awapokee mnaposhuka kwenye lori.